Kopo la Korosho

Somoe amenitumia sauti saa nane usiku,
dakika nne na ushee, mwanzoni anacheka.
Mama, anasema, korosho zako zimeitiwa polisi.

Nilizibangua mwenyewe hapa Chikongola,
nyeupe, nzima, hata moja haikuvunjika,
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga
nikalizungushia solotepu nyeusi, raundi tatu,
maana sisimizi wa Mtwara hawana adabu.
Kumbe solotepu nyeusi huko ina maana yake.

Jirani wa ghorofa ya pili, bibi wa paka wawili,
alilikuta kopo mlangoni pa mwanangu.
Akasoma jina. Akaukumbuka ushungi.
Akapiga simu.
Wakaja wanne, na mbwa.
Mbwa akanusa, akakaa kitako, akalamba midomo.
Mbwa peke yake, anasema Somoe, ndiye aliyeelewa.

Nikacheka nami, gizani, nimekaa kitandani.

Dakika ya tatu sauti yake ikashuka.
Anasema amejifunza kutabasamu kabla hajatazamwa.
Kwenye basi mkoba anaupakata wazi, zipu haifungi,
ili mwenye shaka achungulie bila kuomba.
Anasema yule bibi si mbaya,
theluji ilipoziba mlango alimwazima koleo.
Anaogopa tu, mama.
Mtu akiambiwa jambo kila jioni
utamlaumu nini?

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Maana mimi pia niliambiwa.
Mwaka ule ng'ambo ya Ruvuma kulipowaka,
dukani kwa Mchopa, bombani, hata msibani
maiti hajatoka ndani, kila mdomo una habari:
wamo humohumo, wamejichanganya,
wanabeba watoto ili wasishukiwe.
Akaja mwanamke anaomba chumba cha uani.
Zainabo, akasema. Zainabu wetu huyuhuyu,
ila kwao Mreno kamtia o mwishoni.
Mtoto mgongoni, furushi kichwani,
na Kiswahili chake kama cha bibi mzaa mama,
maneno niliyodhani tuliyazika naye.
Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa tumesimama.
Akaitikia kwa midomo. Nikaitikia.
Macho yangu hayakutoka kwenye furushi.

Humo mna nini?

Hakukasirika. Alilitua, akalifungua palepale mchangani:
sufuria, kanga mbili,
viatu vya mwanamume, jozi moja, vikubwa.
Sikuuliza vya nani.
Nikamwambia chumba kimeshapata mtu,
na kufuli linaning'inia, analiona.
Haya, mama, akasema.
Akalifunga furushi lake, fundo moja,
akalijaribu, akaongeza la pili.

Mimi sikupiga simu.
Hilo nimelishika miaka yote kama risiti ya sadaka.

Sijui alikokwenda. Kuna aliyesema kambini,
kuna aliyesema kamwona Msimbati anaanika dagaa,
na mwingine, kwa kuwa nilimkera kuuliza,
akasema wewe si ulimfukuza?
Chumba nimekijaza magunia. Panya ndio wapangaji.

Mwisho wa sauti Somoe anapiga miayo,
anauliza ya nyumbani: mvua, goti langu,
malipo ya korosho kama yametoka,
na kile chumba cha uani,
mama, ulishapata mtu?

Nimebonyeza, nimesema, nimefuta.
Nimebonyeza tena, jogoo wa Mchopa akaingilia,
nikafuta.
Ya tatu imekwenda. Sekunde sita,
nne zake kimya.
Bado, mwanangu, nimesema.
Bado.